Paa Lisilovuja

Mwezi wa Julai ukiingia, wakazi wa Kiirua hujua kwamba jua limekwenda likizo. Ukungu hushuka kutoka msituni, ukatanda juu ya mashamba ya viazi, ukaingia majikoni bila kupiga hodi na kukaa humo kama mgeni asiye na haya. Ng'ombe hutoa moshi puani kama magari mabovu. Watu hutembea wamejikunyata, koti juu ya koti, na salamu zao huwa fupi kwa sababu hakuna anayetaka kuutoa mkono mfukoni.

Ni katika baridi ya namna hiyo, miaka michache baada ya serikali za kaunti kuanza, ambapo Mzee Kiogora alinusurika kupoteza akili, jina na mke, yote kwa sababu ya matone ya maji.

Kiogora alikuwa mzaliwa wa Kiirua, lakini nusu ya maisha yake aliimaliza kule Mbeere, kwenye mabwawa ya umeme, akiendesha boti ya doria katika joto la kupasua mawe. Alipostaafu, boti moja kuukuu yenye chumba kizima katikati ilitolewa mnadani, naye akainunua. Mkewe, Rwamba, alipoipata habari hiyo alitafuta kiti akaketi kwanza.

"Baba Gacheri," alisema, "wenzako wakistaafu hununua ng'ombe."

"Ng'ombe kila mtu anaye," Kiogora alimjibu. "Nani ana boti?"

Ilikuwa kweli kwamba hakuna aliyekuwa nayo. Boti ilipakiwa kwenye lori ikapandishwa hadi Kiirua, na watoto wa shule waliikimbilia barabarani wakiimba kwamba Nuhu amekuja. Iliteremshwa kwenye bwawa ambalo wakulima walikuwa wamelichimba kando ya msitu kwa ajili ya kumwagilia mashamba, ikafungwa kwenye gati dogo la mbao. Nia ya Kiogora ilikuwa kuwalaza wageni humo, watu wa mjini wapendao mambo mapya, waamke wakiutazama mlima ukiwa umesimama mara mbili, mmoja angani na mwingine majini.

Kazi ya kuitengeneza alimpa shemeji yake, Njue, kaka mkubwa wa Rwamba, seremala mwenye karakana mjini Embu. Njue alikuwa mtu wa maneno machache ambaye angeweza kuupapasa ubao asubuhi nzima kabla ya kuukata. Alitia madirisha mapya ya vioo, akatengeneza kifuniko cha kufungua na kufunga kwenye paa, na mbele na nyuma ya chumba akatoboa matundu mawili ya hewa akayawekea wavu. Alipomaliza, Kiogora alimshika mkono kwa mikono miwili.

"Shemeji, hii si kazi. Hii ni baraka."

Matundu yale, hata hivyo, hayakuona mwisho wa juma. Upepo wa mlimani ulipopenya na kumgusa shingoni, Kiogora alichukua magunia makuukuu akayashindilia yote mawili hadi yakakaza, kisha akayafunika kwa mapazia. Alisema kwamba fundi wa Embu hajui baridi ya huku juu.

Sasa Gacheri, binti yao wa pekee, aliyefanya kazi katika ofisi moja mjini Meru, alikuwa amechumbiwa na kijana wa Mitunguu. Wazazi wa kijana huyo, Mzee Bundi na mkewe Mukiri, walituma salamu kwamba wangependa kuja kuwaona wakwe zao na kulala. Rwamba alitaka wageni walale nyumbani, penye moto na vitanda vya kawaida. Kiogora alikataa kwa kutikisa kichwa.

"Wakwe zangu watalala juu ya maji kama mabalozi," alisema. "Nataka wakirudi Mitunguu wakose pa kuanzia hadithi."

Maombi mengine hujibiwa upesi kuliko mtu alivyotarajia.

Mzee Bundi na Mukiri walikuwa wakulima wa ndizi, watu wa nchi ya joto. Walifika jioni ya manyunyu wamebeba mkungu mkubwa, makoti yao yakichuruzika maji, meno yakigongana. Kiogora aliwaingiza botini kwa mbwembwe. Aliyatundika makoti mabichi ukutani karibu na kitanda ili yakauke, akafunga mlango, akafunga kifuniko cha paa, akayahakikisha magunia yake, kisha akaamuru jiko la makaa liletwe. Sufuria ya chai ilichemka ikanywewa, ikatiwa maji ikachemka tena. Wazee waliongea habari za mbegu, za bei, za watoto wao, wakacheka hadi kioo cha dirisha kikawa cheupe kwa ukungu. Hakuna aliyekitazama. Wakati wa kulala ulipofika, Rwamba alilitoa jiko nje, naye pamoja na mumewe wakaenda nyumbani kwao, hatua chache kutoka bwawani.

Asubuhi Kiogora alikuja na chupa ya uji, uso umemchanua kama ua la boga. Aliposukuma mlango, tabasamu lilimkauka. Mukiri alikuwa ameketi katikati ya kitanda amefungua mwavuli. Mzee Bundi alikuwa amejibanza kandoni mwake, blanketi mabegani, na tone la maji lilikuwa likitambaa polepole kwenye upara wake likitafuta njia ya kuteremkia. Vioo vilikuwa vikitiririka kama vinalia. Kutoka kwenye kifuniko cha paa matone yalidondoka, tii, tii, tii, juu ya godoro.

"Mkwe," alisema Mzee Bundi kwa heshima iliyobanwa na meno, "huku kwenu mvua hunyesha ndani?"

"Na nje haikunyesha," Mukiri aliongeza. "Mimi nilichungulia. Nyota zilikuwa zimejaa."

Laiti Kiogora angeyasikia maneno hayo ya pili! Lakini aibu huziba masikio. Aliyasikia ya kwanza tu. Wageni walikunywa uji wao, wakaahidi kurudi mwisho wa mwezi kwa mazungumzo yenyewe ya posa, na walipokuwa wakiaga Mukiri alimwambia Rwamba kwa sauti ya upole kwamba safari ijayo watalala popote palipo na paa. Neno hilo lilimchoma Kiogora kuliko upupu.

Hakungoja hata wafike barabarani. Alitoa simu akampigia Njue.

"Shemeji, boti yako inavuja!"

"Yangu?" Njue aliuliza.

"Kifuniko chako kinavuja! Madirisha yako yanavuja! Mkwe wangu amelala chini ya mwavuli!"

Njue aliacha kabati la mteja likiwa nusu, akapanda gari kutoka Embu akaja. Alipanda juu ya paa, akaomba ndoo, akamwaga maji juu ya kifuniko. Akamwaga tena. Akamwaga kwenye viunzi vya madirisha mpaka gati lote likalowa. Kisha aliingia chumbani na Kiogora, wakatazama juu. Jua la mchana lilikuwa limejitokeza kidogo, na mbao za ndani zilikuwa kavu. Njue alipitisha kiganja darini na kwenye viunzi vya madirisha, akakitoa kikavu.

"Haivuji," alisema.

"Sasa haivuji. Alfajiri inavuja."

"Paa halijui saa, shemeji. Likiwa na ufa, lina ufa mchana na usiku."

"Kwa hiyo mimi ni mwongo? Mkwe wangu ni mwongo? Maji yalitoka wapi, yalitumwa kwa posta?"

Njue alikuna kidevu. "Kusema kweli sijui yalitoka wapi. Hili sijawahi kuliona. Ila najua hayakupita kwenye mbao zangu."

Kama angekuwa amesema pole, labda mambo yangeishia hapo. Lakini Kiogora, aliyekuwa na picha ya ule mwavuli kichwani, alipandwa na mori. Watu waliokuwa wakichota maji bwawani walisimama kusikiliza, na hilo lilimtia moto zaidi.

"Nilikosea mimi kumpa fundi wa mabanda ya kuku kazi ya boti," alisema kwa sauti ya kusikika ng'ambo. "Umenila pesa yangu, na sasa unanicheka. Kule Mbeere boti hii haikuwahi kutoa tone. Umeigusa wewe, ikaanza kulia."

Njue aliinama. Alikusanya vifaa vyake kimoja kimoja akavitia kwenye mfuko. "Nimefanya kazi hii tangu kabla hujamwoa dada yangu," alisema. "Hakuna aliyewahi kunitukana mbele ya watu. Usiniite tena, Kiogora."

Alikuwa amemwita kwa jina, si shemeji tena. Rwamba, aliyekuwa amebeba sahani ya mukimo kumletea kaka yake, alibaki ameishika hewani. Njue alipita kando yake bila kula.

"Umefurahi sasa?" alimuuliza mumewe. "Umetosheka?"

"Asipojua kuziba, nitaziba mwenyewe," Kiogora alijibu.

Akaziba. Ee, Kiogora aliziba! Alinunua gundi ya silikoni Meru mjini akaipaka kila ufa na kila mahali pasipo na ufa. Alipaka lami kuzunguka kifuniko cha paa hadi kisiweze kufunguka tena. Alipigilia karatasi za plastiki nje ya madirisha. Aliyaongezea magunia yale magunia mengine. Kila jioni alilala botini yeye mwenyewe ili amkamate adui, na kila alfajiri aliamka na matone usoni. Kadiri alivyoziba ndivyo maji yalivyoongezeka. Godoro lilitoa madoadoa meusi upande wa chini. Mapazia yalinuka kama soksi za mvua. Droo zilikataa kufunguka, na mlango wa mbao ulifura hata ikabidi ausukume kwa bega.

Alikuwa amefika mahali pa kuzungumza na paa. "Unataka nini?" aliliuliza asubuhi moja, kidole kikiwa juu. "Niambie tu unataka nini!" Tone lilimwangukia jichoni.

Rwamba alikuja na kitambaa akaanza kukausha vioo, uso wake umekunjamana. "Baba Gacheri, tufungue dirisha moja. Humu ndani hata hewa imechoka."

"Nifungue? Maji yanaingia nikiwa nimefunga, wewe unataka nifungue?"

"Umefunga, umefunga, na imekuwaje? Hata sufuria ukiifunika hujaa maji kwenye kifuniko."

"Sasa boti imekuwa sufuria?"

"Basi," Rwamba alisema, akikamua kitambaa mlangoni kwa nguvu kana kwamba ni shingo ya mtu. "Mimi nimesema. Na kaka yangu hapokei simu zangu, kwa sababu ya mdomo wako."

Kiogora alitia masikio pamba. Mwisho wa mwezi ulikuwa umekaribia, wakwe walikuwa karibu kurudi, na alikuwa ameapa kwamba watalala botini humo humo na kulala pakavu. Alifikiri, akafikiri, na hatimaye akapata dawa. Kama maji hayazuiliki, yakaushwe.

Alasiri moja yenye ukungu mzito, alikoka makaa mengi katika jiko kubwa, akaliingiza chumbani. Kwa kuwa hakupenda moto upotee bure, aliteleka juu yake sufuria ya githeri ya chakula cha jioni. Alimwita Rwamba amsaidie kufuta kuta joto litakapozitoa maji. Rwamba aliingia akiguna. Kiogora aliusukuma mlango kwa bega mpaka ukakaza, akaweka gunia chini yake ili ukungu usipenye.

Mwanzoni palipendeza. Joto lilijaa, vidole vikalegea. Lakini vioo badala ya kukauka vilianza kutiririka vibaya kuliko siku zote. Maji yalitambaa kwenye fremu, yakajaa kwenye vizingiti, yakamwagika sakafuni. Darini matone yalining'inia yamepangana kama shanga.

"Tazama!" Kiogora alipaza sauti, karibu kulia kwa hasira. "Tazama yanavyoingia! Mvua hakuna, upepo hakuna, na bado yanaingia! Njue, Njue, Mungu anakuona!"

Rwamba aliacha kufuta. Alikuwa ameketi kitandani, ameegemeza kichwa ukutani.

"Kichwa kinaniuma," alisema baadaye, taratibu.

"Ni hasira zako za kaka yako. Futa hapo nyuma yako."

Hakufuta. Kiogora aliendelea kusugua dirisha, akinung'unika, akihesabu makosa yote ya shemeji yake tangu siku ya mahari. Hata yeye kichwa kilikuwa kimeanza kumgonga, na miguu ilikuwa mizito kana kwamba amevaa gamboti zilizojaa matope. Aligeuka kumkaripia mkewe. Kitambaa kilikuwa kimemponyoka mkononi. Alikuwa ameteleza upande, shavu juu ya godoro, mdomo wazi.

"Mama Gacheri?"

Akamsogelea.

"Rwamba!"

Alimtikisa bega. Kichwa cha mkewe kilizunguka kama cha mtoto mchanga. Hapo hasira yote ilimtoka Kiogora, na hofu ikakaa mahali pake. Alikimbilia mlango, lakini kukimbia kwenyewe kulikuwa kwa magoti. Aliuvuta. Mlango, uliofura kwa maji ya majuma yale yote, haukusogea hata unywele. Alinyoosha mikono kwenye kifuniko cha paa, akakuta lami yake mwenyewe. Alipapasa tundu la hewa, vidole vikachakura magunia aliyoyashindilia kwa ufundi mkubwa, yasitoke. Popote alipogusa palikuwa na kazi ya mikono yake, na palikuwa pamezibwa barabara.

Macho yalianza kuingia kiza. Kandoni mwa kitanda palikuwa na nanga ndogo ya chuma. Aliinyakua kwa mikono miwili, akairusha kwa nguvu zote zilizombakia kwenye dirisha. Kioo kilipasuka, plastiki ikatatuka, na baridi ya Kiirua, ile aliyoilaani mwezi mzima, ikaingia kwa kishindo. Alimkokota Rwamba hadi dirishani akamwinua uso kwenye ile hewa. Kisha akapiga yowe.

Kithinji, mlinzi wa pampu ya bwawa, alisikia kioo kikivunjika. Alikuja mbio akauangusha mlango kwa teke. Jirani mwenye gari aliitwa, na Rwamba akapelekwa hospitalini Meru, amelala mapajani mwa mumewe, akivuta pumzi moja moja kama mtu anayepanda mlima.

Daktari aliyewapokea alikuwa mwanamke mwenye miwani na uso wa mtu aliyechoshwa na visa vya namna hiyo. Alimwekea Rwamba hewa ya oksijeni, kisha akamgeukia Kiogora.

"Mlikuwa na jiko la makaa ndani?"

"Ndiyo, daktari."

"Mlikuwa mmefungua wapi?"

Kiogora alitazama viatu vyake. "Hatukufungua popote."

"Kwa nini, mzee?"

"Tulikuwa tunazuia maji yasiingie."

Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Makaa hutoa hewa yenye sumu. Haina harufu, haina rangi. Kama usingevunja hicho kioo, ungekuwa unajibu maswali mengine mahali pengine." Akaondoka.

Jioni hiyo Rwamba alifumbua macho. Alimtazama mumewe, ambaye alikuwa amenywea kando ya kitanda kama kuku aliyenyeshewa.

"Hivi," alisema kwa sauti nyembamba, "ulitaka kukausha boti au kunikausha mimi?"

Kiogora aliinamisha kichwa kwenye ukingo wa kitanda, mabega yakamtikisika. Rwamba alinyoosha mkono akamwekea kisogoni, si kwa kumsamehe bado, bali kwa sababu alikuwa karibu.

Usiku huo mvua ilinyesha Kiirua, mvua yenyewe ya kupiga mabati. Kesho yake Kiogora alitumwa nyumbani kumletea mkewe nguo na shuka. Alipofika alipitia bwawani kwanza, kwa moyo mzito. Dirisha lilikuwa wazi, mlango umelala sakafuni, na mvua imepiga tangu magharibi. Alikuwa amekubali moyoni kwamba atakuta kisima.

Aliingia. Chini ya dirisha lililovunjika palikuwa na kidimbwi kidogo. Basi. Dari ilikuwa kavu. Kuta zilikuwa kavu. Aliushika upindo wa pazia la upande wa pili, ukachakacha vidoleni kama jani la mgomba. Kioo kilichobaki kizima, upepo wa usiku ukiwa umeing'oa plastiki yake, kilikuwa kimetakata, na kupitia kwake, kwa mara ya kwanza tangu boti ifike, aliuona mlima akiwa ndani, kilele chake cheupe juu na kingine chini majini.

Kiogora alisimama kama mtu aliyepigwa kofi. Mvua yote ile, paa lile lile, na hakuna hata tone lililopita! Alikisogelea kile kioo kutafuta ufa, uso karibu kabisa, akihema kwa sababu alikuwa amekuja mbio. Pumzi yake ilikigusa kioo, nacho kikawa cheupe. Alipumua tena mahali pale pale. Weupe ukakolea, ukajikusanya, na tone moja likajitenga likateremka polepole hadi kwenye fremu.

Alilitazama tone lile. Alilijua. Lilikuwa ndugu wa yote yaliyomwangukia usoni. Halikutoka angani wala bwawani. Lilikuwa limetoka kinywani mwake.

Ndipo mambo yakaanza kupangika mbele yake. Alikumbuka makoti mabichi ukutani, sufuria za chai, vicheko vya watu wanne chumbani. Alikumbuka githeri ikitokota. Mvuke wote huo ulikuwa umekosa pa kutokea, ukaenda kujilaza kwenye kioo chenye baridi na kugeuka maji. Kule Mbeere kioo hakikuwahi kupoa kiasi hicho, ndiyo maana hakuwahi kuliona. Na kila alipoziba alikuwa akimfungia adui ndani, mahali alipokuwa tangu mwanzo. Aliketi kwenye godoro lenye madoa akayatamka maneno ambayo mtu wa umri wake huyatamka kwa shida: "Njue hakukosea."

Rwamba aliporuhusiwa kutoka hospitalini, hakuelekea nyumbani. Alimwambia mumewe waende Embu, na alisema hivyo kwa namna ambayo haikuacha nafasi ya mjadala. Walimkuta Njue karakanani akipiga randa, wateja wawili wakingoja. Alimwona dada yake, akamkumbatia, akamsikiliza. Lakini Njue hakumtazama Kiogora. Aliendelea na randa.

"Shemeji," Kiogora alisema.

Randa ikapita.

"Njue, nilikutukana mbele ya watu. Na nikuombe msamaha mbele ya watu." Aliwageukia wale wateja, ambao walikuwa wameshtuka. "Huyu ni fundi. Mimi nilisema ni fundi wa mabanda ya kuku, na nilisema hivyo kwa sauti kubwa. Paa lake halivuji. Maji yalikuwa ni pumzi yangu na chai yangu. Nilimwita mwizi kwa sababu ya mate yangu mwenyewe, na nusura nimuue dada yake nikithibitisha."

Njue alisimamisha randa. Alipuliza vumbi la mbao kutoka kwenye ubao, taratibu, kama mtu asiye na haraka ya kusamehe.

"Nilikutobolea matundu mawili," alisema hatimaye. "Yako wapi?"

"Niliyaziba."

"Uliyaziba." Njue alitikisa kichwa. "Nilimwaga ndoo kwa ndoo juu ya paa lile, maungo ya mikono yakaniuma. Na matundu yangu uliyaziba, na hukuona haja ya kuniambia?"

"Nilisahau kwamba nimeyaziba, shemeji. Nilikuwa nakutafuta wewe."

Mteja mmoja alikohoa ili asicheke. Njue alimtazama, akamtazama Kiogora, na pembe ya mdomo wake ikamsaliti kidogo. "Nitamaliza ubao huu kwanza," alisema. "Halafu tutapanda huko kwenu. Lakini utaibandua ile lami wewe mwenyewe, kwa kucha zako."

Akaibandua, ingawa kwa patasi. Njue aliyafungua matundu, akaweka kioo kipya, akainua kitanda juu ya vibao vyenye nafasi ili godoro nalo lipumue. Rwamba alitunga sheria zake mwenyewe, na hakuna aliyezipinga: jiko halivuki gati, chai hupikwa ukingoni, koti bichi hutundikwa nje chini ya bati, kifuniko cha paa huachwa wazi kwa upana wa kidole hata kama mtu analalamika baridi, na asubuhi vioo vinafutwa kwa kitambaa kikavu. Anayeona baridi aongeze blanketi.

Mzee Bundi na Mukiri walirudi mwisho wa mwezi kama walivyoahidi. Rwamba aliwatandikia nyumbani, lakini Mzee Bundi, ambaye alikuwa mtu wa kupenda kujua, aliomba mwenyewe kulala botini. Asubuhi alitoka akijinyoosha, upara wake mkavu, akasema hajawahi kulala vizuri namna hiyo. Posa ikazungumzwa, ikakubaliwa, na Gacheri akalia kidogo kama inavyopasa.

"Lakini niambie, mkwe," Mzee Bundi aliuliza wakati wa chakula, "mlimpata aliyekuwa akitumwagia maji?"

Njue, aliyekuwa amealikwa na kupewa kiti cha heshima, alikodolea sahani yake macho. Rwamba aliangalia nje. Kiogora aliweka kijiko chini.

"Tulimpata," alisema. "Nilimtafuta paani, nikamtafuta bwawani, nikamfuata hadi Embu nikamtukana mtu asiye na hatia. Kumbe nilikuwa nikilala naye, nikiamka naye, nikimlisha chai na kumfungia mlango asiondoke. Wazee hawakukosea waliposema, kikulacho ki nguoni mwako."